Kibao Ambacho Bibi Alikiita Zawadi

Nyahanga, Kahama
Jumamosi alasiri

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusuka, na kusuka kwako nakujua: utarudi jua linazama, kichwa kinakuuma, unalalamika kwamba wamekuvuta nywele. Kwa hiyo nina nafasi ya kukaa na kalamu bila wewe kunichungulia begani. Baba yako yuko mashineni anahangaika na mchele wake. Nyumba imetulia, mabegi yako mawili yamesimama sebuleni kama wageni waliokataa kiti, na mimi nimechoka. Si uchovu wa kupiga pasi na kufunga vitu. Huu nimekuwa nao siku nyingi, nilikuwa tu sijapata pa kuuweka.

Mambo ya pasipoti, vidonge vya malaria na kutokula ovyo njiani, shangazi yako amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko inavyohitajika, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Sitayarudia. Ghana ni mbali, lakini kuna watu, wanapika, wanafua, wanakwenda kanisani Jumapili, utaishi. Mimi nina jambo moja, na nimelizungukazunguka tangu siku barua ya udhamini wa masomo ilipokuja. Najua kwa nini ulikosa kazi ya mgodini kule Geita.

Baba yako aliniambia. Usimkasirikie, alikaa nalo muda mrefu kabla ya kulisema. Aliniambia kwamba mlipokuwa mnarudi kutoka kwenye usaili wa kwanza, baada ya kuvuka mizani ya magari, ulimwambia: "Jibu nilikuwa nalijua, Baba. Nilikuwa natafuta sentensi isiyo na kosa. Nilipoipata, walikuwa wameshafika swali jingine." Na usaili wa pili ukawa vile vile. Wamekuuliza habari za miamba, kitu ambacho wewe hata ukiamshwa usingizini unakieleza, na umekaa mbele yao umefumba mdomo kama mtu asiyejua lolote. Mimi uliniambia tu kwamba walisema watapiga simu. Nami nikawa nasubiri simu pamoja nawe, kila siku nakuuliza kama wamepiga.

Baba yako alipomaliza kunieleza hayo aliendelea kumenya muwa wake. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, maana ningepata la kumjibu.

Sasa unakwenda nchi ambayo Kiingereza utakiongea kutwa nzima: darasani, sokoni, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Ukienda na ule ukimya, utakaa nao huko hadi masomo yaishe, na utarudi nao. Nami siwezi kuuvumilia mara ya pili, kwa sababu najua ulikotoka. Ulitoka kwangu.

Wiki iliyopita ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea na simu na yule dada wa Kighana atakayekupokea. Nilikuwa jikoni nachambua dagaa. Kabula, nilikuwa sijasikia Kiingereza chako kwa miaka. Ulikuwa unacheka, unarukia sentensi kabla hujamaliza nyingine, unamsimulia jinsi mvua ilivyobomoa kalavati letu na baba yako akavuka na gunia la mchele kichwani mbele ya majirani. Na ulikuwa unakosea. Naona aibu kukuambia kwamba niliyakamata makosa yote, moja moja. Yalikuwa madogo, herufi iliyosahauliwa mwishoni mwa neno, jambo la juzi limesemwa kama la leo. Kila moja lilinipanda kooni kama kikohozi. Nikashika ncha ya kanga nikajiziba mdomo, mtu mzima nimesimama na dagaa mkononi. Katika kujiziba nikaangusha sufuria. Ukageuka, ukaniona dirishani, na sauti yako ikabadilika palepale. Ukamwambia yule dada polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka kwenye utelezi, kwamba utampigia baadaye.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba wewe kuongea unaweza. Huwezi nikiwepo. Na hata nisipokuwepo, watu watatu wakikaa nyuma ya meza na karatasi mbele yao, kwako wote ni mimi.

Nataka ujue hiki kitu kilivyoniingia, si kwa kujitetea. Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na mwalimu mmoja mwenye fimbo ya mpera. Siku moja nilisimama nikasoma insha yangu kwa furaha, nikasema "childrens". Alinichapa mbele ya darasa, na kila fimbo ilipotua alilitamka neno sahihi, nami nikalirudia. Sijawahi kulikosea tena. Mikono ilipopona nikaanza kuona kwamba lile neno sasa ni mali yangu, nimelipata kwa shida, na mtu mwingine akilikosea huku anacheka, bila kuchapwa, bila hata kujua, nilihisi ameniibia. Mpaka leo nikisikia mtu kwenye redio anasema "childrens" nasikia viganja vinawasha. Watu walidhani napenda Kiingereza. Nadhani nilikuwa nakiogopa tu, na nikaona ni afadhali nikae upande wa mwenye fimbo.

Nimewaona wengi wanaokerwa na Kiingereza kibovu, na kwa kuwa ni wenzangu nawafahamu vizuri. Yuko Mwalimu Masanja aliyekuwa akifundisha historia. Mtu akisema "discuss about" anafumba macho kama aliyeguswa jino bovu. Yuko mjomba wako Kulwa, ambaye kwenye kundi la ukoo la WhatsApp wenzake wanatoa pole za msiba, yeye anatoa masahihisho. Kulwa aliishia kidato cha nne kwa taabu, lakini wewe andika "I am agree" uone: simu itakuonyesha Kulwa anaandika, anaandika, anaandika, na hapo ujue umekwisha. Katika wote hao sijawahi kumkuta Mwingereza hata mmoja. Wazungu wa migodini niliowahi kukutana nao walitaka kujua gari linaondoka saa ngapi na choo kiko wapi, na ukiwaambia kwa Kiingereza cha aina yoyote wanashukuru na kwenda zao. Tunaosumbuana ni sisi kwa sisi.

Kuna mtu mmoja sijawahi kukusimulia habari zake. Tulikuwa bado tunakaa kwenye nyumba za walimu pale Ushirombo, nikifundisha Kiingereza sekondari, wewe ukiwa mdogo, shule ya msingi. Mlangoni mwa ofisi ya walimu nilikuwa nimebandika karatasi inayosema kwamba kuanzia hapo ni Kiingereza tu, na viranja walikuwa wakali kuliko hata mimi. Akaja mzazi mmoja, mchimbaji kutoka upande wa Buseresere, mabuti yana matope mekundu hadi magotini. Binti yake alikuwa bweni kwetu. Alivua kofia. Kiranja alikuwa amekwisha kumwambia masharti ya mlango, kwa hiyo yule baba alisimama kidogo akipanga maneno, na midomo yake ilikuwa inacheza kabla sauti haijatoka.

"Madam," akaniambia, "my wife, he is dying."

"She," nikamwambia. "She is dying."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa. "Yes, madam. She is dying."

Unajua mwenyewe kwamba lugha zetu hazina mambo ya kumgawa mtu hivyo. Yeye ni yeye, awe mume au mke, na yule baba alikuwa anasema kama mama yake alivyomfundisha kusema. Lakini si hilo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba nilisikia kosa kabla sijasikia habari. Ilipita pumzi nzima ndipo nikaelewa ameniambia nini. Nikamwandikia ruhusa ya binti yake kwa mwandiko mzuri, sikumwambia pole. Mama yule alifariki wiki ileile na binti akarudi shuleni kichwa kimenyolewa. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka jina la yule mtoto, au la baba yake, nashindwa. Kosa lake nalikumbuka.

Ungedhani mtu akishatokewa na hayo anajifunza. Sikujifunza. Karatasi ya mlangoni niliiondoa, kisha miaka michache baadaye, matokeo ya Kiingereza yalipoanguka na mkuu wa shule akawa anatuvuta masikio kila kikao, nikaleta kibao.

Kibao unakijua, kilikaa shingoni mwako. Lakini hukujua kwamba ni mimi niliyekipeleka kwa seremala. Walimu wenzangu waliogopa kukusimulia na mimi sikuona sababu. Tulikuwa nacho enzi zangu nikiwa mwanafunzi, na pale Ushirombo kilikuwa kimesahaulika. Nilichongesha ubao wa mninga, mkubwa kuliko kiganja, ukatobolewa juu, ukatiwa kamba ya katani, na nikaandika mwenyewe kwa msumari wa moto maneno ya kuwaamuru waongee Kiingereza. Anayekamatwa akisema Kiswahili au Kisukuma anavikwa, na havui mpaka amsikie mwingine amekosea amvike yeye. Anayemaliza nacho Ijumaa analala nacho hadi Jumatatu. Kilifanya kazi vizuri mno. Watoto waliacha kuongea Kisukuma, na kwa kuwa Kiingereza hawakuwa nacho cha kutosha, waliacha kuongea. Bwalo la chakula likawa kimya, mkuu wa shule akasema nidhamu imepanda, nami nikajisikia mtu wa maana.

Ulipokuwa kidato cha pili bibi yako, mama yangu, alikuja siku ya Ijumaa mchana na kapu la michembe ya viazi vitamu. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliona yote kutoka barazani. Ulimwona getini ukakimbia, ukapiga magoti, ukamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila", kama ulivyofundishwa nyumbani, naye akakushika kichwa. Binti aliyekuwa na kibao alikuwa anapita. Hakukuonea, alikuwa amekivaa tangu asubuhi na alitaka kupumua. Akakivua shingoni mwake akakuvika wewe ukiwa bado umepiga magoti, na wenzake wote waliokuwa uwanjani wakapiga makofi na vigelegele, jinsi walivyozoea kumzomea aliyekamatwa.

Ulinitazama. Naapa ninakumbuka ulivyonitazama. Ningeweza kutembea hatua chache nikakivua, nikasema mtoto kumwamkia bibi yake si kosa la shule yoyote duniani. Nikafikiria walimu watasema mwalimu anapendelea mwanawe. Nikageuka nikaingia ofisini.

Bibi yako yeye aliona kitu kingine kabisa. Unajua kwamba ujanani alikuwa mchezaji wa ngoma wa kuogopwa, na kwenye mashindano yao mchezaji aliyewafurahisha watu alikuwa anatuzwa palepale uwanjani: anavishwa shuka, anafungwa kitambaa, anatundikwa shingoni chochote mtu alicho nacho, na watu wanapiga vigelegele. Kwa hiyo aliposimama pale getini akamwona mjukuu wake amepiga magoti, mwenzake anamvika kitu shingoni na uwanja mzima unashangilia, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliondoka na kapu tupu, na njia nzima akawa anawaambia watu kwamba Kabula wa Mwalimu ametuzwa kwa ajili ya Kiingereza.

Tulikwenda kwake kesho yake, mimi na wewe kwenye bodaboda moja. Kibao ulikuwa umekificha ndani ya sweta. Tukakuta jogoo amekwisha kuchinjwa, majirani wamekaa kwenye mikeka, bibi yako amevaa ile kanga yake ya Krismasi. Alipokosa kukiona alikuja mwenyewe akakitoa ndani ya sweta na kukilaza vizuri kifuani pako, akakifuta kwa kiganja. Ulinivuta pembeni ukaniuliza: "Mama, nimwambie?" Nikakujibu uache, usimwaibishe bibi yako mbele ya watu. Ukaniamini. Lakini si bibi niliyekuwa namfikiria, Kabula. Ningeelezaje mbele ya mama yangu kwamba kile kitu ni adhabu, kwamba mtoto kaadhibiwa kwa kumwamkia yeye, na kwamba aliyetengeneza adhabu ni mimi? Katika maisha yangu yote hilo ndilo kosa pekee la mtu ambalo sikulisahihisha, na niliogopa tu.

Baada ya kula bibi akakuambia usimame uwasemee hicho Kiingereza ulichotuzwa. "Simama, mjukuu wangu," alisema, "sema Kiingeleza wasikie." Nilidhani utakataa. Ulikuwa na umri wa kukataa kila kitu. Lakini ulimtazama alivyokaa, ukasimama katikati ya mikeka na kile kibao kifuani, ukaanza. Uliongea polepole kwanza, kisha ukapata moto. Ulikuwa unaonyesha kwa mikono, unamwelekea bibi, unageukia majirani. Hakuna aliyeelewa neno hata moja na wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Bibi alikuwa ameweka mikono mapajani, uso umemeremeta. Sasa naelewa ulichokuwa unafanya. Yeye alikuwa amekosea, na wewe ukaona njia rahisi ya kumtoa aibu ni kulifanya kosa lake liwe kweli: uongee hicho Kiingereza mpaka kile kibao kiwe zawadi kweli.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukasema, "My grandmother, she teached me..."

"Taught," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Sikupaza hata sauti. Lakini ukanyamaza, mikono ikabaki hewani, kisha ukaishusha. Ukakaa chini. Bibi akageuka akaniuliza kwa Kisukuma kuna nini, mbona mtoto amekatizwa. Nikamwambia amekosea kidogo. Akanitazama kwa mshangao mtupu.

"Amekosea nini?" akaniuliza. "Mbona sisi tumemwelewa?"

Majirani walicheka, nami nikacheka nao. Wewe hukucheka. Ukawa unachezea kamba ya katani mpaka tukaondoka.

Kuanzia siku ile hukuniongelesha Kiingereza tena, na sikugundua kwa muda mrefu. Nilisahihisha daftari zako, ukapata alama za juu, nikaridhika. Kuandika uliandika vizuri kuliko wote, maana kwenye karatasi mtu unaweza kufuta kabla mama yako hajaona. Kibao nilijaribu kukiua. Jumatatu ile nilikichukua nikakitia kwenye moto wa jikoni la shule, nikatangaza kwamba kimepotea. Kabla ya wiki kwisha watoto walikuwa wamechonga kingine wenyewe, kibaya zaidi, wakakizungusha bila kuniuliza. Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Wakati tunahamia Kahama niliambiwa kimebaki, na sijui kama hata leo kipo.

Bibi yako hakuambiwa kamwe. Mpaka anazeeka alikuwa anawasimulia watu, na ulipomaliza chuo ukampelekea picha zako za joho, alizitazama sana, kisha akauliza kama safari hii walikupa na kibao. Ulimjibu ndiyo, kikubwa zaidi. Nilikuwa nimekaa karibu nanyi na sikuinua macho.

Alipolazwa mara ya mwisho, mchana mmoja alikushika mkono akakuomba umsemee tena. Ulijua anachotaka. Ukainua macho ukaniona nimekaa upande wa pili wa kitanda, ukamwambia kwa Kisukuma, "Kesho, Bibi." Nikaendelea kukaa. Hata wakati ule sikujua kwamba nilichotakiwa kufanya ni kunyanyuka na kutoka. Baadaye nilikwenda kumchemshia uji, nikachelewa, na niliporudi alikuwa amelala na wewe umekaa umeshika mkono wake. Hakuiona kesho. Sijui kama ulimsemea nilipokuwa nachemsha uji. Naomba iwe ulimsemea. Hilo sikuulizi, libaki kati yako na yeye.

Naona nimeandika sana na kidole kimeanza kufa ganzi. Mwaka huu nastaafu, wenzangu wanasema nitapumzika, lakini najijua. Nitakaa hapa nikisikiliza redio na kuwasahihisha watangazaji, baba yako atakuwa anaipunguza sauti. Hii tabia sitaiacha yote, nimezeeka nayo. Siwezi kukuahidi kwamba makosa hayatanipanda kooni. Nakuahidi kwamba kanga ninazo.

Wewe huko wakusahihishe wanaotaka kukusahihisha, watakuwepo, kila nchi ina akina Kulwa wake. Wakikukatiza, ngoja wamalize, kisha endelea pale ulipoachia. Hapo tu ndipo penye kazi, Kabula. Mimi sikukufundisha hilo kwa sababu silijui. Nimeliona kwa baba yako. Anawaambia wanunuzi wa Kihindi "my rice is very good, he is not having stones," wanacheka, naye anacheka, anarudia vilevile, na mchele unapakiwa.

Nasikia geti. Unaongea na baba yako, unamwambia kichwa kinakuuma. Nitaikunja hii nikaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi dogo, utaikuta ukiwa angani ambako huwezi kunipigia simu kwa hasira wala kurudi kunifariji. Lakini utakapofika, ukishalala na kula, nipigie. Nitapokea, sitasema neno. Unajua, nimekaa alasiri nzima najaribu kukumbuka ulichokuwa unawaambia watu pale kwenye mikeka, na sikipati. Nina lile neno moja tu nililolikamata. Nilikukatiza hapo hapo, na mpaka leo ile sentensi haijaisha. Imalizie, mama, kwa Kiingereza chako kile kile.

Bibi yako alikufundisha nini?

Mama